Jeshi rasmi na wapiganaji wa msituni: Tofauti yao ilivyoonekana milima ya Kipatimu

Mwaka 1905 watu wa Kipatimu walipigana wakiwa na magobori, mikuki na mishale. Miaka 11 baadaye, kwenye milima ileile, yakakutana majeshi mawili ya wakoloni yenye mizinga, bunduki za rashasha na mahandaki.

Wale wa kwanza waliitwa waasi, na viongozi wao wakanyongwa. Wa pili waliitwa wanajeshi, na waliposhindwa, makamanda wao walirudi kwao na kupokewa kwa gwaride.

Tofauti hiyo haikutokana na ujasiri. Haikutokana na bunduki peke yake pia. Milima ya Matumbi, iliyoko Kilwa, mkoani Lindi, ni mahali pazuri pa kuelewa jeshi rasmi linatofautianaje na wapiganaji wasio rasmi, na kwa nini jambo hilo bado linagusa maisha ya watu hadi leo.

Kwanza tuelewane maneno

Jeshi rasmi ni lile linaloundwa na serikali kwa sheria. Lina vyeo, sare, mshahara, kambi, ghala la silaha na mahakama yake. Askari akikosea, kuna anayemwadhibu. Akifa, jina lake liko kwenye daftari.

Wapiganaji wasio rasmi ni watu wanaoshika silaha nje ya mfumo huo. Wanaweza kuwa wakulima waliochoka kuonewa, wanaweza kuwa kundi la msituni, wanaweza pia kuwa wababe wa kukodiwa. Wengi wao asubuhi ni wakulima, jioni ni wapiganaji.

Watu wengi hudhani tofauti kubwa ni silaha. Kumbe ukichunguza zaidi, mambo yanayowatenganisha yako nyuma ya mpiganaji: nani anamwamuru, nani anamlisha na sheria gani inamtambua.

Nandete, Julai 1905

Chanzo kilikuwa pamba. Serikali ya Kijerumani chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Kazi ilikuwa ngumu, malipo kidogo mno, na muda wa kulima chakula cha nyumbani ukapotea. Juu yake kulikuwa na kodi na viboko vya maakida.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Hiyo ilikuwa tangazo la vita. Akida wa Kibata akashambuliwa, na siku chache baadaye moto ukafika Samanga, pwani.

Nyuma yao kulikuwa na jina la Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Tangu mwaka 1904 watu walimiminika kwake kuchukua dawa ya maji, ambayo waliambiwa ingezifanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Ndipo likatoka jina la Vita vya Maji Maji.

Watu hawa hawakuwa kundi la fujo tu, kama wakoloni walivyopenda kuandika. Walikuwa na njia ya kupeana habari kwa siri, mtu kwa mtu, iliyoitwa njwiywila. Walikuwa na mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Walikuwa na wajumbe, waliojulikana kama hongo, waliopeleka dawa na maelekezo kutoka kabila moja hadi jingine.

Kwa maneno mengine, walijaribu kujenga jeshi bila kuwa na dola.

Amri: Nani anasema "anza" na nani anasema "acha"?

Hapa ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana.

Katika jeshi rasmi, amri inashuka kama ngazi. Gavana anamwambia kamanda, kamanda anamwambia ofisa wa kombania, ofisa anamwambia sajenti, sajenti anamwambia askari. Askari hahitaji kukubaliana na amri. Anahitaji kuitekeleza.

Kwa wapiganaji wa Maji Maji, mambo yalikuwa tofauti. Kinjikitile aliwataka watu wasubiri ishara yake. Wamatumbi wakachoka kusubiri, wakang'oa pamba. Hakukuwa na mtu wa kuwazuia, maana hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwadhibu asiyetii. Walifuata kwa imani na kwa hasira, si kwa kiapo cha kazi.

Tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Kama angekuwa jenerali wa jeshi la kawaida, kifo chake kingeweza kuvuruga vita vyote. Lakini vita ndiyo kwanza vilikuwa vinasambaa. Katikati ya Agosti boma la Liwale likateketezwa. Kabla mwezi haujaisha, mapigano yalikuwa yamefika Mahenge, na baadaye Songea.

Huo ndio uzuri na ubaya wa jeshi lisilo rasmi. Ukikata kichwa, mwili unaendelea kutembea. Lakini mwili usio na kichwa hauwezi pia kupanga wala kusalimu amri kwa pamoja. Ndiyo maana Vita vya Maji Maji havikuisha kwa mkataba. Viliendelea hadi mwaka 1907, eneo moja baada ya jingine, kijiji baada ya kijiji.

Mahenge: Wingi unapokutana na mazoezi

Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani yake walikuwamo Wajerumani wachache, askari wapatao 60, na mamia kadhaa ya wenyeji walioamua kuwa upande wa serikali. Pia walikuwa na bunduki mbili za rashasha.

Washambuliaji walikwenda wima, mchana kweupe, wakiamini dawa. Waliangushwa kwa mamia.

Wengi wanaposimulia tukio hili hulaumu imani ya maji peke yake. Lakini jeshi la kikoloni lilikuwa na kitu kingine kisichoonekana haraka: mazoezi ya kila siku. Askari aliyefundishwa anaweza kusimama mahali pake hata mbele ya umati, akipiga risasi kwa amri, bila kukimbia. Hilo halipatikani kwa wiki mbili za mazoezi ya siri usiku.

Baada ya Mahenge, wapiganaji sehemu nyingi walibadili mbinu. Waliacha kushambulia maboma, wakaanza kuvizia njiani, kupiga na kutoweka. Huko Matumbi walikuwa na milima, misitu na mapango ya kujificha. Pango la Nang'oma ni mojawapo ya yale ambayo wenyeji husimulia kuwa watu walijihifadhi humo wakati wa vita.

Kwa wapiganaji wasio na mizinga, hii ndiyo mbinu inayolipa. Jeshi kubwa linatafuta pambano moja la kumaliza kazi. Mpiganaji wa msituni anataka pambano hilo lisitokee kabisa, siku zipite, adui achoke na gharama.

Chakula: Tumbo ndilo linaloamua

Tofauti ya pili ni tumbo, na ndiyo iliyowaumiza zaidi watu wa kusini.

Askari wa Kijerumani alikuwa na mshahara wa kila mwezi. Jeshi hilo lilianza mwaka 1889 chini ya Hermann Wissmann, likiwa na Wasudani waliochukuliwa Misri na watu kutoka Msumbiji, na baadaye likaajiri Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Lilikuwa na ghala, lilikuwa na meli, lilikuwa na wapagazi. Vita vilipoanza, manowari ya Bussard ilitumwa pwani ya kusini, na Gavana Götzen akapeleka simu Berlin kuomba askari zaidi.

Mpiganaji wa Kimatumbi ghala lake lilikuwa shamba lake. Mke wake, mama yake na watoto wake ndio waliokuwa wanamlisha.

Wajerumani waliliona hilo. Walipoona hawawezi kuwakamata watu wanaotoweka milimani, waligeukia mashamba. Vijiji vilichomwa, mazao yakaharibiwa, akiba ya nafaka ikachukuliwa. Baadhi ya maofisa wao waliandika wazi kwamba njaa ndiyo itakayomaliza vita.

Ikawa hivyo kweli. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa maeneo haya, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389.

Ukitazama namba hizo unaona tatizo kubwa la vita vya aina hii. Mpiganaji asiye na ghala anaishi kwa chakula cha raia. Jeshi linalomtafuta linaanza kumwona raia kama ghala la adui. Anayeumia zaidi ni yule ambaye hajawahi kushika hata mshale.

Sare na mabua ya mtama

Tofauti ya tatu ni alama. Sare ya jeshi ina kazi mbili. Inamwambia adui "huyu ni askari", na pia inamwambia "yule asiye na sare ni raia, mwache".

Mwaka 1899, mataifa makubwa, Ujerumani ikiwemo, yalikubaliana huko The Hague kuhusu sheria za vita. Walisema hata wapiganaji wasio wa jeshi la kawaida wanaweza kutambuliwa kama wapiganaji halali, mradi watimize masharti manne: wawe na kiongozi anayewajibika kwao, wawe na alama inayoonekana kwa mbali, wabebe silaha zao wazi, na wafuate sheria na desturi za vita.

Sasa pima Maji Maji kwa masharti hayo. Viongozi walikuwapo, ingawa kila eneo na wake. Alama ilikuwapo: wapiganaji walifunga mabua ya mtama kwenye paji la uso. Silaha walizibeba wazi. Sharti la nne ndilo gumu, maana waliuawa pia watu wasiobeba silaha. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini kusini.

Lakini ukiuliza swali hilo kwa upande mmoja, uliulize na kwa mwingine. Jeshi lenye sare, vyeo na sheria ndilo lililochoma chakula cha vijiji vizima. Kuwa rasmi hakumfanyi askari awe na huruma. Kunafanya tu kuwe na mtu wa kuulizwa, kama kuna anayetaka kuuliza.

Na mwaka 1905 hakukuwa na aliyeuliza. Makubaliano ya The Hague yalihusu mataifa yaliyotia saini. Mkulima wa Nandete hakuhesabiwa kuwa na taifa.

Ruga-ruga: Walio katikati

Mambo yangekuwa rahisi kama kungekuwa na pande mbili tu. Lakini jeshi la Kijerumani lenyewe lilitumia wapiganaji wasio rasmi, yaani ruga-ruga.

Jina hilo lilivuma tangu enzi za Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Ruga-ruga walikuwa vijana wa vita waliotembea haraka, wakiishi kwa wanachokipata njiani. Wajerumani waliwachukua wapiganaji wa namna hiyo kama wasaidizi. Hawakuwa na sare kamili wala nafasi ya askari wa kudumu. Mara nyingi ujira wao ulikuwa sehemu ya ngawira: ng'ombe, nafaka, vitu vya nyumbani.

Kwa serikali, mpango huo ulikuwa rahisi na wenye faida. Kazi chafu inafanyika, na lawama haifiki moja kwa moja kwa kamanda. Mbinu hiyo haijafa. Serikali nyingi duniani bado huwapa silaha watu wasio wanajeshi, halafu mambo yakiharibika husema hao si watu wetu.

1916: Jeshi linapojifunza kupigana kama msituni

Desemba 1916, vita vilirudi kwenye milima ya Kipatimu. Safari hii vilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Waingereza walikuwa wamepanda kutoka pwani ya Kilwa wakashika boma ya Kibata. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaja kuwashambulia. Alileta hadi mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Upande wa Waingereza walipigana askari wa King's African Rifles, wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na Wabaluchi kutoka India ya wakati huo. Watu walichimba mahandaki kwenye vilima na kurushiana mabomu ya mkono usiku. Januari 1917 Wajerumani waliondoka Kibata na kuelekea Rufiji.

Kuanzia hapo Lettow-Vorbeck alizidi kupigana kama watu wa Matumbi walivyopigana baada ya Mahenge: kupiga, kuondoka, kuishi kwa chakula cha nchi. Oktoba 1917 alipambana na Waingereza huko Mahiwa, mkoani Lindi, na mwezi uliofuata akavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Je, jeshi lake likawa kundi la msituni? Kwa mbinu, ndiyo. Kwa muundo, hapana. Vyeo vilibaki, makombania yakabaki, daftari la mishahara likabaki. Habari za kusimamishwa kwa vita zilipofika, kamanda mmoja alitoa amri, na tarehe 25 Novemba 1918 jeshi lote likaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ndani yake walikuwamo askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Maji Maji hawakuwa na mtu wa kufanya hivyo. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: jeshi rasmi linaweza kuambiwa liache.

Lakini kwa wanakijiji, tofauti hiyo haikuwasaidia. Chakula chao kilichukuliwa na pande zote mbili. Vijana walikamatwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza.

Mwasi au mwanajeshi?

Weka vita hivi viwili mezani, uvitazame pamoja.

Lettow-Vorbeck alirudi Berlin mwaka 1919 na kuandamana na maofisa wake akiwa shujaa. Miaka ya 1960, serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wazee wa Kiafrika malimbikizo ya mishahara. Walikuwa na mwajiri, na mwajiri alikuwa na deni.

Wapiganaji wa Maji Maji hawakuwa na mwajiri wa kudai. Kinjikitile alinyongwa. Februari 27, 1906, viongozi kadhaa wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja huko Songea. Heshima yao ilikuja baadaye sana, baada ya uhuru, kwa minara ya kumbukumbu kama ule wa Nandete.

Neno "mwasi" halielezi mtu alipiganaje. Linaeleza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuandika jina lake.

Leo hali ikoje?

Sheria za vita zimebadilika. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na nyongeza zake za mwaka 1977 inawalinda raia hata kwenye vita vya ndani, na inakataza kuwaua njaa kama silaha ya vita. Kilichofanyika Matumbi kati ya 1905 na 1907, leo kingekuwa kosa la jinai la kimataifa.

Tanzania nayo ilijifunza kwa njia yake. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kwa Waingereza, waliasi. Serikali ililivunja, na Septemba 1 mwaka huohuo ikaundwa JWTZ. Katiba, katika Ibara ya 147, inapiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Mgambo, wanaofundishwa vijijini na mijini, wako chini ya sheria, na wakati wa vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wengi waliingizwa kwenye safu za jeshi.

Majirani hawana bahati hiyo. Mashariki mwa Kongo kuna makundi mengi ya silaha, na baadhi yake huitwa Mai-Mai, jina linalotokana na neno maji. Wao pia wamekuwa wakitumia maji yenye dawa kujikinga na risasi. Baadhi wanapigana dhidi ya jeshi la serikali, wengine bega kwa bega nalo, na wengine hubadili upande. Mkulima wa Kivu akikutana na mtu mwenye bunduki njiani, mara nyingi hajui amuulize nani kama mazao yake yakichukuliwa.

Swali hilo ndilo watu wa Kipatimu waliloishi nalo mara mbili. Unapoona picha ya watu wenye silaha kwenye simu yako, usiangalie sare peke yake. Uliza mambo matatu: nani anawaamuru, nani anawalisha, na wakiua asiye na silaha, nani atashitakiwa? Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha jeshi na kundi la watu wenye bunduki, hata kama wote wamevaa kombati.